Bima ya Afya ya India kwa Mhindi Anayeishi Ughaibuni: Namna ya Kuikata Mapema na Kuitunza

Mhindi anayefanya kazi Nairobi, Dar es Salaam, Muscat au Dubai kwa kawaida hutibiwa kwa bima anayopewa na mwajiri wake au kwa mfuko wa nchi anamoishi, na kwa kuwa bima hiyo humtosha akiwa huko, haoni sababu ya kulipia nyingine nyumbani. Tatizo hujitokeza ajira inapokoma. Bima ya mwajiri huondoka pamoja na ajira, mfuko wa nchi ya ugenini haulipii hospitali ya Chennai wala ya Ahmedabad, naye anarudi kwao akiwa na miaka sitini, mara nyingi akiwa na kisukari au shinikizo la damu, kuomba bima kwa mara ya kwanza mahali ambapo kampuni ina haki ya kumngojesha miaka kabla ya kumlipia maradhi hayo. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, na kwa ajili ya yule anayeishi ng'ambo huku wazazi wake wamebaki India. Hoja yangu ni kwamba kitu cha thamani kuliko vyote katika bima hii ni muda, na muda huo huanza kuhesabiwa siku unapokata bima, si siku unaporudi nyumbani.

Msomaji wa Kiswahili hataona ugeni katika maneno yote. Neno bima lenyewe tumelipata kutoka Bara Hindi, na laki ya Wahindi ndiyo laki yetu, yaani 100,000, kwa hiyo mkataba unaotaja laki tano ni mkataba wa rupia 500,000.

Hatua ya kwanza: Jua uko kundi gani

Raia wa India mwenye pasipoti ya India anayeishi nje huitwa NRI. Mwenye asili ya India aliyekwisha kuwa raia wa nchi nyingine anaweza kuwa na kadi ya OCI, mpango ulioanza mwaka 2005, na ambao tangu 2015 umeimeza kadi ya zamani ya PIO. Kadi ya OCI si uraia wa pili, ndiyo maana Mtanzania au Mkenya mwenye babu aliyetoka Kutch au Punjab anaweza kuwa nayo bila kuuacha uraia wake. NRI hukubaliwa na kampuni nyingi za bima za India kwa masharti yaleyale ya mkaazi, ila ataombwa aeleze anaishi wapi. Mwenye OCI hukubaliwa na baadhi ya kampuni, na nyingine humwekea masharti ya ziada, kwa hiyo apate jibu la maandishi kutoka ofisi ya kampuni yenyewe kabla ya kulipa chochote, kwa sababu ahadi ya wakala kwa simu haina uzito siku ya dai. Mtu asiye na pasipoti ya India wala OCI, anayesafiri kwa viza ya matibabu kama wafanyavyo Waafrika Mashariki wengi, yuko nje ya utaratibu huu na hahusiki na maelezo yafuatayo.

Wapo pia wafanyakazi wa Ghuba ambao pasipoti zao huwataka wapate kibali cha kuhama kabla ya kwenda kufanya kazi katika nchi 18 zilizotajwa na serikali ya India, zikiwemo Oman, Saudi Arabia, Kuwait na Falme za Kiarabu. Hao hulazimika kukata Pravasi Bharatiya Bima Yojana, bima iliyoanzishwa 2003 na kurekebishwa 2017, ambayo hugharimu rupia 275 kwa miaka miwili au 375 kwa miaka mitatu, bila kuhesabu kodi, na hulipa rupia laki kumi kwa kifo au ulemavu wa kudumu unaotokana na ajali. Ni bima nzuri kwa jambo ililokusudiwa, na bei yake ni ndogo mno, lakini sehemu yake ya matibabu ni finyu, na mfanyakazi asiichukulie kuwa ndiyo bima yake ya afya ya uzeeni. Mzaliwa wa Kerala ana nafasi bora zaidi: shirika la serikali ya jimbo hilo linaloshughulikia watu wa ughaibuni, Norka Roots, lilizindua Septemba 2025 mpango wa Norka Care, wenye bima ya matibabu ya laki tano na ya ajali ya laki kumi, kwa ada ya rupia 8,101 kwa mtu mmoja wakati wa uzinduzi. Aliye na kitambulisho cha Norka aanze kuuliza hapo kabla ya kwenda sokoni.

Hatua ya pili: Elewa bima hii inalipa nini na hailipi nini

Anayetoka Tanzania au Kenya amezoea bima ya kwenda nayo kliniki, kumwona daktari, kuchukua dawa na kurudi nyumbani. Bima ya kawaida ya India haiko hivyo. Msingi wake ni kulazwa hospitalini kwa saa 24 au zaidi, pamoja na upasuaji na tiba zinazomalizika kwa siku moja kwa sababu ya maendeleo ya kitabibu, kama kuondoa mtoto wa jicho. Hulipa pia vipimo na dawa zinazohusiana na kulazwa huko, mara nyingi kwa siku 30 kabla na siku 60 baada. Homa, meno, miwani na dawa za kila mwezi za presha hubaki juu yako, isipokuwa ukinunua kipengele cha wagonjwa wa nje, ambacho kwa maoni yangu mtu anayeishi nje hana haja nacho.

Jambo la pili ni eneo. Bima ya kawaida hulipa matibabu yaliyofanyika ndani ya India tu. Kwa hiyo haichukui nafasi ya bima ya nchi unamoishi. Kenya, kwa mfano, ilibadili mfuko wake wa zamani wa afya, NHIF, kwa mfuko wa SHIF tarehe 1 Oktoba 2024 na kumkata mwenye mshahara asilimia 2.75, na makato hayo huyakwepi kwa kuonyesha mkataba wa Mumbai. Zipo kampuni zinazouza bima ya dunia nzima kwa ada kubwa zaidi, lakini mwenye bima ya mwajiri huko aliko angekuwa analipia kitu kilekile mara mbili. Kenya na Tanzania zipo pia kampuni zenye udugu wa hisa na kampuni za serikali ya India, kama Kenindia na Tanzindia. Udugu huo haufanyi kadi ya upande mmoja ikubalike upande wa pili.

Hatua ya tatu: Hesabu miaka, ukirudi nyuma kutoka siku ya kurudi

Hapa ndipo watu wengi hupoteza, na hapa naomba msomaji atulie. Mamlaka ya bima ya India, IRDAI, yenye makao yake Hyderabad, imeweka vipindi vya kungojea ambavyo kampuni haiwezi kuvizidisha. Siku 30 za mwanzo hakuna ugonjwa wowote unaolipwa, ajali tu ndiyo hulipwa. Kisha kuna orodha ya maradhi na upasuaji maalumu, kama ngiri, mtoto wa jicho na kubadilishiwa goti, ambayo hungojewa kwa kawaida miezi 24 na kwa sheria isizidi 36, hata kama ulikuwa mzima siku ya kukata bima. Tatu, ugonjwa uliokuwa nao kabla ya kukata bima hungojewa hadi miezi 36. Mpaka mwaka 2024 kikomo kilikuwa miezi 48, nacho kikapunguzwa. Baada ya miezi 60 ya bima isiyokatika, kampuni haiwezi tena kulipinga dai kwa hoja kwamba hukueleza jambo fulani kwenye fomu, isipokuwa ithibitishe udanganyifu. Kipindi hicho nacho kilikuwa miaka minane kabla ya mabadiliko ya 2024.

Vipindi hivi vyote huendelea kuhesabiwa ukiwa Muscat au Arusha. Kampuni haihesabu siku ulizolala India. Inahesabu siku ambazo mkataba ulikuwa hai na ada ililipwa. Chukua mfano wa mtu mwenye kisukari anayekusudia kurudi Rajkot akifikisha miaka 60. Akikata bima akiwa na 57, atatua uwanja wa ndege akiwa amemaliza kungojea, na hospitali ikimlaza wiki ileile kwa tatizo la figo lililotokana na kisukari, dai lake litapokelewa. Akisubiri mpaka atue, atangoja hadi afikishe 63, na miaka hiyo mitatu ndiyo ambayo mwili huwa na madai mengi. Ada aliyoiokoa kwa kuchelewa inaweza kumalizika katika kulazwa mara moja.

Tangu Aprili 2024 IRDAI imeondoa kikomo cha miaka 65 kilichokuwa kinawazuia wazee kukata bima mpya, na wapo wanaosema kwamba kwa hiyo haraka imekwisha. Sikubaliani nao. Ruhusa ya kuomba si sawa na kukubaliwa: kampuni bado ina haki ya kumpima mwombaji, kumwongezea ada kwa sababu ya afya yake, au kumkataa. Ukishakuwa ndani, hali hugeuka, kwa kuwa kampuni haiwezi kukataa kuuhuisha mkataba wako kwa sababu umezeeka au umedai sana, ilimradi hukudanganya na ulilipa kwa wakati. Anayeingia akiwa mzima huingia kwa mlango mpana.

Zaidi ya hayo, mikataba mingi hukuongezea kiwango cha bima kwa kila mwaka usiodai, na anayetibiwa nje hadai. Katika mkataba wa kawaida wa Arogya Sanjeevani, ambao IRDAI ilizitaka kampuni ziuuze tangu Aprili 2020 kwa maneno yaleyale kila mahali, nyongeza hiyo ni asilimia 5 kwa mwaka hadi kufikia asilimia 50.

Hatua ya nne: Chagua kiwango, na usome kipengele cha chumba

Kwa anayekusudia kuishi mji mkubwa kama Mumbai, Delhi au Bengaluru, ningemshauri asiwe chini ya laki kumi kwa mtu mmoja. Kama ada ya laki kumi ni nzito, ipo njia inayotumiwa na wengi, nayo ni kukata bima ya msingi ya laki tano, kisha kuongeza juu yake bima ya nyongeza ya laki ishirini inayoanza kulipa pale gharama zinapovuka laki tano. Bima hiyo ya juu huwa nafuu kwa sababu huguswa mara chache. Uangalie tu kama inahesabu gharama za mwaka mzima kwa pamoja au kila dai peke yake. Ile ya kila dai peke yake haitakusaidia ukilazwa mara tatu kwa laki tatu tatu, ilhali ile ya mwaka mzima itakusaidia.

Mkataba wa familia ya pamoja hukadiriwa kwa umri wa aliye mkubwa kuliko wote ndani yake. Mume, mke na watoto wanaweza kuwa pamoja, lakini ukimwingiza mama wa miaka 72, ada ya wote itapanda kwa ajili yake, na akilazwa mara moja anaweza kulimaliza fungu la mwaka mzima. Wazazi wapewe mkataba wao.

Sasa kipengele cha chumba, ambacho kwa kweli hugharimu watu fedha nyingi kuliko jambo jingine lolote lililoandikwa kwa herufi ndogo. Hospitali za India hutoza huduma nyingi kulingana na daraja la chumba. Ukilala chumba cha ghali, hata ada ya daktari wa upasuaji na ya chumba cha upasuaji hupanda. Kwa hiyo mikataba yenye kikomo cha chumba haikukati tofauti ya kitanda peke yake, bali hupunguza gharama zote zinazoambatana nacho kwa uwiano uleule. Katika Arogya Sanjeevani kikomo ni asilimia 2 ya kiwango cha bima kwa siku, na kisizidi rupia 5,000. Kwa chumba cha wagonjwa mahututi ni asilimia 5, na kisizidi 10,000. Aidha, mgonjwa huchangia asilimia 5 ya kila dai.

Tuseme una mkataba huo wa laki tano, nawe ukachagua chumba cha rupia 10,000 kwa siku kwa siku nne. Kitanda ni 40,000, upasuaji na uangalizi ni 160,000, dawa na kiungo bandia ni 100,000, jumla 300,000. Kwa kuwa chumba ni mara mbili ya kikomo, kampuni itatambua nusu ya kitanda, yaani 20,000, na nusu ya upasuaji na uangalizi, yaani 80,000. Dawa na viungo bandia, kwa agizo la IRDAI, havipunguzwi kwa uwiano, kwa hiyo 100,000 itabaki kamili. Jumla inayotambuliwa ni 200,000, toa mchango wako wa asilimia 5, unalipwa 190,000, na 110,000 inatoka mfukoni mwako. Ungelala chumba cha 5,000, hata kama gharama nyingine zisingeshuka hata kidogo, ungetoa 14,000 tu. Mwenye uwezo anunue mkataba usio na kikomo cha chumba. Asiye na uwezo huo awaandikie ndugu zake, kwa lugha wanayoisoma, daraja la chumba ambalo mgonjwa anaruhusiwa, kwa sababu wao ndio watakaokuwa dirishani wakati wa kulazwa.

Hatua ya tano: Sema kweli kwenye fomu, na hakikisha ndugu zako wanaujua ukweli huo

Fomu ya maombi itakuuliza kuhusu maradhi, dawa, kulazwa, sigara, pombe na mahali unapoishi. Jibu kila kitu. Usimwachie wakala aijaze huku akikuambia kwamba presha kidogo si ugonjwa. Mtu anayeishi nje hushawishika kuficha kwa sababu anadhani rekodi zake za hospitali ya Mombasa au Doha hazitafika India, lakini zinafika kwa njia rahisi mno: siku ya kulazwa, daktari wa zamu humuuliza mgonjwa au shemeji yake, "Ana sukari tangu lini?" na shemeji, kwa nia njema, hujibu, "Ana miaka kumi sasa." Jibu hilo huandikwa kwenye jalada, jalada huombwa na kampuni, na kampuni huona kwamba miaka kumi imetangulia mkataba ambao ulisema hakuna ugonjwa. Dai hukataliwa na mkataba unaweza kuvunjwa kabisa.

Lipo pia kosa la upande wa pili, la ndugu kukisia. Ameulizwa asichokijua, akasema miaka mitano badala ya miwili, na mtu aliyesema kweli akaingia katika ubishi wa miezi. Kwa hiyo weka ukurasa mmoja wenye tarehe ya kugunduliwa kwa kila ugonjwa, majina ya dawa, na nakala ya cheti cha kwanza, ukiwa umetafsiriwa kwa Kiingereza kama asili yake ni Kiswahili au Kiarabu, kisha umpe ndugu huyo pamoja na nakala ya kadi ya bima. Amwonyeshe daktari ukurasa huo, asijibu kwa kumbukumbu.

Hatua ya sita: Hati, vipimo na malipo

Utahitaji pasipoti, viza au kibali cha ukaazi cha nchi uliyopo, anwani ya India, picha, na namba ya PAN, yaani namba ya mlipakodi wa India. Asiye na PAN hujaza fomu ya tamko badala yake. Tangu 1 Januari 2023 hakuna bima yoyote inayokatwa bila uthibitisho wa utambulisho. Aadhaar, yaani namba ya utambulisho ya mkaazi wa India, si lazima kwa NRI, lakini hurahisisha mambo, na tangu 2019 mwenye pasipoti ya India anaweza kuiomba mara anapofika nyumbani bila kungoja siku 182. Mwenye OCI hana nafuu hiyo.

Baadhi ya kampuni humaliza kila kitu kwa mahojiano ya daktari kwa simu ya video. Nyingine hutaka vipimo vya damu, mkojo na moyo vifanyike India, hasa kwa mwenye zaidi ya miaka 45 au mwenye ugonjwa uliotajwa. Kwa sababu hiyo anza maombi katika wiki ya kwanza ya likizo yako. Wapo wanaokumbuka bima siku tatu kabla ya kupanda ndege, maswali ya kampuni yakaja wakiwa wamekwisha kuondoka, na mwaka mzima ukapita hivyo.

Lipa kutoka akaunti yako ya NRE au NRO, yaani akaunti za benki za India kwa wanaoishi nje, kwa benki, na uhifadhi risiti. Mamlaka huruhusu mkataba wa hadi miaka mitatu. Kwa anayeishi mbali ninaupendelea, kwa kuwa hupunguza nafasi za kusahau. Malipo ya mwaka yakichelewa una siku 30 za nyongeza ambazo mkataba hauhesabiwi kuwa umekatika, lakini ugonjwa unaotokea kati ya siku bima ilipokwisha na siku uliyolipa haulipwi. Zikipita siku hizo, vipindi vyote vya kungojea vinarudi mwanzo. Uliza pia kama kampuni hupunguza ada kwa wanaoishi nje, kwa sababu baadhi hufanya hivyo na hawatakuambia usipouliza.

Tangu 22 Septemba 2025 bima za afya za watu binafsi na familia hazitozwi tena GST, yaani kodi ya bidhaa na huduma, ambayo ilikuwa asilimia 18. Hati ya malipo ya sasa ikionyesha kodi hiyo juu ya ada ya bima, usilipe kabla ya kupata maelezo. Aliye na kipato kinachotozwa kodi India, pengine pango la nyumba aliyoipangisha, anaweza kupunguziwa kodi kwa ada alizolipa chini ya kifungu 80D cha sheria ya 1961, hadi rupia 25,000 kwa ajili yake na familia yake, na hadi 50,000 zaidi kwa wazazi wakaazi wa India waliofikisha miaka 60, ilimradi anatumia utaratibu wa zamani wa kodi na hakulipa taslimu. Sheria mpya ya kodi ya 2025 imebadili namba za vifungu, kwa hiyo mhasibu wako asikutafutie 80D humo.

Mkataba ukishakufikia una siku 30 za kuusoma na kuurudisha kama hauko ulivyoahidiwa. Usome kwa kalamu mkononi. Kama ugonjwa uliouandika kwenye fomu haupo katika hati, andika barua siku hiyohiyo.

Hatua ya saba: Wazazi waliobaki India

Kabla ya kutafuta bima ya kulipia, msajili mzazi aliyefikisha miaka 70 katika mpango wa serikali wa Ayushman Bharat. Mpango huo ulizinduliwa Septemba 2018 kwa familia maskini, na tangu 29 Oktoba 2024 umefunguliwa kwa wakaazi wote wa umri huo bila kujali kipato, wakiwa na kadi ya Vay Vandana inayolipa hadi laki tano kwa mwaka kwa kaya katika hospitali zilizosajiliwa. Kusajiliwa hutaka Aadhaar ya mzazi, na huwezi kumfanyia kila kitu ukiwa mbali, kwa hiyo mtume mpwa au jirani mwenye simu ampeleke. Mpango huu hauna kipindi cha kungojea, na hii ni nafuu kubwa kwa mzee mwenye maradhi ya siku nyingi. Lakini si kila hospitali binafsi imo. Tafuta mapema iliyo karibu na nyumba yao. Bima ya kulipia inaweza kuwekwa juu yake kwa ajili ya hospitali wanayoipenda wenyewe.

Hatua ya nane: Siku ya kulazwa

Kama matibabu yamepangwa, kampuni au wakala wake wa madai, anayeitwa TPA, aarifiwe saa 48 kabla. Kama ni dharura, ndani ya saa 24 baada ya kulazwa. Katika hospitali iliyo kwenye orodha ya kampuni hutoi fedha taslimu, isipokuwa zile zisizolipwa na mkataba. Kwa maagizo ya IRDAI ya Mei 2024, kampuni inapaswa kujibu ombi la kulazwa bila kulipa ndani ya saa moja, na kibali cha mwisho cha kuruhusiwa kitolewe ndani ya saa tatu. Ikichelewa na hospitali ikatoza zaidi kwa kuchelewa huko, kampuni ndiyo hubeba. Andika saa ya kila ombi.

Ukilipa mwenyewe, wasilisha ndani ya siku 30 tangu kuruhusiwa ripoti ya kuruhusiwa, ankara zenye mchanganuo, risiti, majibu ya vipimo na maagizo ya daktari, zote zikiwa halisi, nawe ubaki na picha zake. Fidia hulipwa kwa rupia katika akaunti ya India.

Dai likikataliwa, omba sababu kwa maandishi pamoja na namba ya kipengele kilichotumika. Mwandikie kwanza afisa wa malalamiko wa kampuni, kisha tumia mfumo wa IRDAI uitwao Bima Bharosa. Zikipita siku 30 bila jibu, au jibu lisiporidhisha, nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ana ofisi katika miji mbalimbali ya India, husikiliza madai yasiyozidi laki 50, hatozi ada na hahitaji wakili. Una mwaka mmoja tangu kampuni ilipokataa. Malalamiko yanaweza kupelekwa kwa mtandao, jambo linalomwokoa mwenye kazi Kampala asilazimike kukata tiketi ya ndege kwa ajili ya kikao.

Hatua ya tisa: Ukirudi moja kwa moja

Mtu anaporudi kuishi India hubadilika kutoka NRI kuwa mkaazi, na sheria ya fedha za kigeni humtaka aifahamishe benki ili akaunti yake ya NRE igeuzwe kuwa ya mkaazi. Katika kugeuza huko, agizo la kulipa ada ya bima kila mwaka linaweza kufutika bila yeye kujua, na barua za kukumbusha zikaenda kwenye barua pepe ya kazini ambayo imefungwa pamoja na ajira. Hivyo mkataba uliotunzwa miaka kumi hufa katika mwaka wa kwanza ambao ungehitajika. Ndani ya wiki za mwanzo baada ya kutua, iandikie kampuni anwani mpya, namba ya simu ya India na akaunti mpya, omba ithibitishe kwa maandishi tarehe ambayo mkataba wako ulianza mara ya kwanza bila kukatika, na uliza kama mji unaohamia uko katika eneo lenye ada kubwa zaidi kuliko ule ulioandikwa zamani. Ukitaka kuhamia kampuni nyingine ya India bila kupoteza miaka uliyokwisha kungoja, peleka ombi angalau siku 45 kabla ya tarehe ya kuhuisha, na usiuache mkataba wa zamani mpaka mpya uwe mkononi.